Skrini ya Mkono Mmoja

Mercy, msichana anayechukua kiti changu, aliniuliza kama sistimu ya maktaba ina kitabu cha maelekezo. Haina. Ilikuwa na mimi, na mimi nimeondoka. Kwa hivyo namwandikia yeye na wengine watakaokaa kwenye ile meza ya maktaba ya mtaa wetu wa Jericho baada yake, wajue kwa nini vitufe viko pale vilipo, na kwa nini wasikubali mtu avihamishe. Nimestaafu mapema, najua. Wengi niliosoma nao bado wanatafuta kazi ya kwanza. Nina watoto wawili, nina hasira, na huyu mdogo amelala mchana huu, basi niandike kabla hajaamka. Mambo ya mshahara sitayagusa, hayana mengi ya kusema.

Niliingia pale na cheti cha kidato cha nne na viatu vya dada yangu. Maktaba mnaijua: ukumbi wa zamani wa mtaa nyuma ya soko, rafu za chuma, madirisha ya wavu, na meza ndefu inayotazama mlango. Nilidhani kazi ya maktaba ni kukaa na kusoma. Siku ya kwanza Bi Mwanaidi, aliyekuwa mkubwa wa meza, alinipa kitambaa akaniambia nipanguse kibodi.

"Anza na vumbi," akasema. "La hapa linaingia chini ya herufi. Ukiona N haiandiki usiite fundi. Pindua, gonga mgongoni kama mtoto aliyekabwa, endelea."

Bi Mwanaidi ni mtu wa Majengo, kuzaliwa na kukua, na alikuwa kwenye ile meza tangu wakati wa kadi za karatasi. Alinifundisha kukishika kitabu kwa mgongo, si kwa jalada. Alinikataza kumuuliza mtoto kama amekisoma kitabu, kwa sababu atasema ndiyo. Muulize kimeishaje. Na kitabu kikirudi na mafuta ya mandazi, akasema, usigombe sana, hicho kilisomwa. Vile vinavyorudi visafi ndivyo vya kutilia shaka.

Sistimu yenyewe tulipewa na wafadhili, na ilitengenezewa maktaba za mahali pengine. Skrini ilikuwa ya kijivu, maandishi madogo kama yale ya kwenye pakiti ya dawa. Ungetaka kufanya chochote, ilianza na swali lile lile: mwanachama ni nani? Kuazimisha kitabu, mwanachama ni nani. Kupokea kitabu kinachorudi, mwanachama ni nani. Uandike jina, ubonyeze, dirisha lifunguke. Uchague, lifunguke jingine. Uthibitishe, na la tatu likuulize kama kweli una hakika. Ukikaa kidogo bila kugusa kitu inakufungia nje, uandike paswadi upya, na ile paswadi ilikuwa na herufi kubwa na alama, yaani lazima ufinye vitufe viwili pamoja. Kumbukeni hiyo, nitairudia.

Aliyeitengeneza aliamini kwamba mtu huja maktaba na kitabu chake. Pengine huko kwao ni hivyo. Huku kwetu Jumamosi asubuhi mama mmoja wa ploti, yaani nyumba za kupanga zenye geti moja, anatazama nani hana kazi, na huyo anapewa mfuko. Ndani mna vitabu vya watoto wa ploti nzima, cha mama wa chini, cha jirani wa juu, na mara nyingine sufuria ya mtu ambayo inarudishwa kwa njia hiyo hiyo. Sisi tuliuita mfuko wa ploti. Anayeubeba hajui kitabu gani ni cha nani, na hana haja ya kujua. Yeye ametumwa. Akirudi nyumbani anarudi na vingine, vinagawanywa mlangoni, na hivyo ndivyo watoto wengi wa Jericho, Mowlem na Majengo wanavyosoma bila hata kuijua njia ya maktaba.

Sasa mbebaji anaweka mfuko mezani. Sistimu inauliza mwanachama ni nani. Unamuuliza mbebaji, naye anasema, "Ni za kina Mama Atieno." Unafungua kitabu cha kwanza, unakitafuta kwa namba, unaona kimeandikwa kwa nani, unatoka, unamtafuta huyo mtu kwa jina, unakuta Fatuma Ali wako wengi, unachagua, unathibitisha, una hakika, ndiyo nina hakika. Cha pili. Cha tatu. Katikati ya cha tatu inakufungia nje kwa sababu mbebaji amekuuliza choo kiko wapi.

Nilifanya hivyo miaka miwili nikidhani ndivyo kazi ya maktaba ilivyo. Kisha nikamzaa Neema.

Baba yake Neema simwandiki humu, haya ni mambo ya kazi. Mowlem ninakokaa kuna mama mmoja anayelea watoto wa wafanyakazi, mtu safi, lakini Jumamosi hafungui kwa sababu ya kanisa lake. Sikuwa na mtu mwingine. Nikaanza kuja na mtoto Jumamosi. Alipokuwa mdogo alilala mgongoni ndani ya leso na mambo yalikwenda. Alipofika miezi ya kukaa wima, mgongo hakuutaka tena. Alitaka kuona. Ukimfunga nyuma anapiga kelele hadi wasomaji wanainua vichwa, ukimshika ubavuni ananyamaza na kutazama watu kama karani. Kwa hivyo nilifanya kazi naye kwenye mkono wa kushoto, na sistimu nikaiendesha kwa wa kulia. Sistimu ya kufinya vitufe viwili pamoja.

Wakati huo wale wanaoitunza sistimu wakamtuma kijana aibadilishe sura. Aliitwa Kevo, mtoto wa Umoja, kofia, kompyuta imejaa stika. Alikuja Jumatano moja shule zikiwa zimefunguliwa. Ukumbini kulikuwa na wazee wawili wanaosoma gazeti na mwanafunzi mmoja wa chuo aliyelala. Kevo alikaa nasi, akatuuliza maswali kwa heshima, akaniuliza napenda rangi gani, bluu au kijani. Nikasema bluu. Akamuuliza Bi Mwanaidi herufi ziwe kubwa kiasi gani. Bi Mwanaidi akamwambia, "Nizione bila miwani, na nikivaa miwani zisinitishe." Akaandika.

Skrini mpya ikaja likizo ya shule ilipoanza. Ilipendeza, sitadanganya. Ya bluu, herufi zinaonekana, vitufe vimeviringwa pembe, na kila mwanachama ana mahali pa picha. Na bado ilianza na lile swali. Mwanachama ni nani, kwa bluu.

Jumamosi ya kwanza ya likizo mifuko ikaja yote pamoja. Neema ubavuni. Foleni ikajaa ukumbi, ikatoka mlangoni. Madam Nafula, mkuu wetu, mama wa Bungoma asiyepoteza maneno, akatoka ofisini kwake akasimama kando yangu.

"Mama Neema, hii foleni imefika wapi?"

"Kwa muuza njugu, Madam."

"Na kabla hujazaa ilikuwa inafika wapi?"

"Kwa muuza njugu, Madam. Ila alikuwa mwingine."

Watu wa mbele wakacheka. Yeye hakucheka. Alinisubiri hadi saa ya chakula akaniita ofisini.

"Skrini mpya tumeletewa," akasema. "Vile tuliomba, tumepewa. Foleni ni ile ile. Sasa mimi nikisimama mlangoni naona nini? Naona mtu wangu wa meza ameshika mtoto. Na watu pia wanaona, na wanakuja kuniambia."

"Madam, si mtoto."

"Sina ubaya na mtoto. Nina ubaya na foleni. Likizo ikiisha na Jumamosi iko hivi, mtoto abaki nyumbani."

Mtoto kubaki nyumbani ni mimi kubaki nyumbani. Jumamosi ndiyo kazi yenyewe pale, siku nyingine ni kupanga rafu. Hakuna mkuu anayeweka mtu wa meza ambaye Jumamosi hayuko, na mimi mwenyewe nisingemweka. Kwa hivyo nilitoka pale nikijua nina likizo moja, na kwamba nikishindwa kuipunguza foleni sina kazi.

Kilichonichoma ni hiki. Bi Mwanaidi alikuwa na mikono yake yote miwili miaka yote ile na foleni ilikuwepo. Hakuna aliyewahi kumwambia aache mkono nyumbani. Foleni ilikuwa ya sistimu, lakini sistimu haina uso, na mtoto ana uso, tena ana kelele. Watu wakichoka kusimama wanatafuta cha kutazama.

Nikampigia Kevo.

"Niaje, Mama Neema."

"Kevo, njoo Jumamosi."

"Jumamosi niko na mechi."

"Basi njoo na jezi."

Alikuja na jezi kweli, na viatu vya mpira ndani ya mfuko. Nilimwambia akae kwenye kiti changu. Kisha nikampa Neema. "Mshike hivi, matako kwenye mkono, kichwa hana shida nacho siku hizi. Sasa pokea mfuko."

Wa kwanza aliyefika alikuwa dada mmoja wa hapo Jericho, ana haraka. "Boss, nitoe mbio, nimeacha chai kwa moto."

"Sawa. Jina lako?" Kevo akauliza.

"Langu la nini? Mimi hata sisomi."

"Hizi vitabu ni za nani?"

"Za ploti."

"Hiyo ploti ina jina?"

"Ina geti nyeusi."

Kevo akatazama skrini. Skrini ikamtazama. Akafungua kitabu cha kwanza, akaanza kuandika namba kwa kidole kimoja, Neema akamkamata waya wa masikioni akautia mdomoni. Alipomaliza kunyang'anyana naye, sistimu ilikuwa imemfungia nje. Akajaribu kufinya ile herufi kubwa ya paswadi kwa kiwiko.

"Buda," mtu akasema kwenye foleni, "si umpe huyo mtoi aandike. Yeye amekaa kama anajua."

Alikaa pale hadi mfuko wa tatu. Hakukasirika, hilo nampa. Aliponirudishia Neema alikuwa na jasho kuliko la mechi. Akaniuliza, "Mbona siku ile ya Jumatano hukuniambia haya?"

"Uliniuliza rangi."

Akafikiri. "Ni kweli, nilikuuliza rangi."

Na mimi nilikuwa nimejibu rangi, kwa sababu miaka miwili ilikuwa imenizoesha kuona lile swali la mwanachama kama mvua: unalalamika lakini hufikirii kuna mtu wa kumwambia. Hata mechi hakwenda. Tulichukua katoni ya karatasi za kuchapia, tukaipasua, tukaanza kuchora kwa peni ya bango.

Mimi nilikuja na matakwa yangu. Nilitaka kila kitu kiwe kwenye ukurasa mmoja, vitufe vyote mbele yangu, kusiwe na dirisha la kufunguka. Kevo akachora vile vile nilivyosema. Kisha akageuza katoni, akanigeuzia tena ghafla, akasema, "Gusa cha kurudisha kitabu." Nikatafuta. Ilikuwa kama kutafuta soksi ya pili kwenye bunda la mitumba la Gikomba. Yeye akangoja, akisogeza kofia yake.

"Wewe ndiye uliviomba vyote," akasema.

"Sawa, futa."

Tulichofika nacho ndicho mnachokiona leo. Skrini ya kurudisha haiulizi kitu. Ina kisanduku kimoja kitupu kinangoja. Unachukua skana, kile kisoma-mistari cha kamba Kevo alichotuunganishia, unaipitisha kwenye ile mistari myeusi ya nyuma ya kitabu, kitabu kimerudi, chochote kilichokuwa kwa yeyote. Kinachofuata. Kitabu kinajua kilikuwa kwa nani, hakuna haja ya kumsumbua mwenye chai kwa moto. Yale madirisha ya una hakika Kevo aliyatoa yote, akaweka kitufe kimoja kikubwa cha kutengua, chini kulia. Ukikosea unatengua. Alinieleza kwamba mtu akiulizwa ana hakika mara mia kwa siku, anajibu ndiyo bila kusoma, kwa hivyo swali halimkingi na lolote. Nilijua anasema kweli, ndivyo nilivyokuwa nikijibu. Paswadi akaitoa pale mezani: unapitisha kitambulisho chako cha kazi kwenye skana hiyo hiyo, inafunguka. Na badala ya kufukuzana na mausi, kile kitufe kirefu cha chini ya kibodi kinafanya kazi ya sawa, endelea. Kila kitu mkono mmoja.

Vitufe viko kulia kwa sababu Neema alikaa kushoto. Mercy, wewe ni wa mkono wa kushoto, nimekuona ukiandika. Ingia kwenye mipangilio, kuna mahali pa kugeuza.

Tulidhani tumemaliza. Bi Mwanaidi alikuwa anafunga mkoba aende zake, akasimama juu ya katoni yetu, akasoma.

"Na Hawa je?" akasema.

Hawa alikuwa msichana wa ploti yake Bi Mwanaidi kule Majengo, ameagiza kitabu cha kemia na amekingoja. Kwenye ile sistimu mbaya, ukimfungua mwanachama ulikuwa unaona ujumbe wake: kitabu alichoagiza kimefika. Unamwambia mbebaji, mbebaji anamfikishia. Sasa tulikuwa tumetengeneza mahali ambapo vitabu vya Hawa vinarudi na hakuna anayemfungua Hawa.

"Hiki cha kemia kitakaa hapa mpaka afanye mtihani bila kukisoma," Bi Mwanaidi akasema. "Halafu mtasema watu wa Majengo hawasomi."

Kevo akakaa tena chini. Ndipo ikaja ile pembe ya manjano kwenye skrini. Kitabu kikirudi cha mtu mwenye ujumbe, jina lake linatokea pale pembeni na halitoki mpaka ugonge kwamba umemwambia mbebaji. Na majina yanakusanywa kwa ploti, ndiyo maana kwenye kumsajili mwanachama kuna mahali pameandikwa Ploti. Pale usiandike namba ya nyumba, hakuna anayezijua. Andika wanavyosema wenyewe: geti nyeusi nyuma ya soko, kwa fundi wa redio, kwa Mama Atieno.

Kevo aliitengeneza kwa wiki chache. Ilitubakia Jumamosi moja tu ya kuijaribu kabla shule hazijafunguliwa, na siku hiyo Neema alikuwa anaota meno. Sijawahi kumsikia akilia vile kabla wala baada. Alilia kuanzia kufungua mlango, akanyamaza kidogo alipopata kamba ya skana ya kutafuna, akaanza tena. Madam Nafula alisimama mlangoni mikono imekunjwa. Bi Mwanaidi alikuwa upande wa kuazimisha, mimi upande wa kurudisha, na mifuko ikaanza.

Skana ilipiga titi, titi, titi. Mfuko wa kwanza ulikwisha kabla aliyeuleta hajamaliza kusalimia. Alisimama pale, akaniuliza, "Niende?" Nikamwambia aende, ila amwambie mtoto wa Mama Atieno kitabu chake kimefika, na akichukue kabisa. Mfuko wa pili. Mtu alisahau sufuria ndani, tukamwita arudi. Nilikosea kimoja, nikatengua kwa kidole gumba, Neema akinipiga kidevu. Hakuna aliyejua.

Saa ya chakula ilipokaribia, muuza njugu akaingia ndani. Alikuwa na sinia kichwani na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Leo mmefunga?" akauliza.

"Tumefungua tangu asubuhi," nikamwambia.

Akatazama ukumbi. Watu walikuwa wamekaa wanasoma. Mezani walikuwepo wawili. "Sasa wateja wangu wako wapi?"

Madam Nafula alikuwa amesikia. Aligeuka akatazama nje mahali foleni ilipokuwa inafika, kisha akaja mezani, akamtazama Neema.

"Ana nini huyu?"

"Meno, Madam."

"Jumamosi ijayo mletee kitu chake cha kutafuna. Hiyo kamba ni mali ya maktaba." Akaingia ofisini.

Hayo tu. Alitimiza neno lake. Alisema ana ubaya na foleni, na foleni ilipokwisha hakutafuta ubaya mwingine. Wakuu wa namna hiyo nimekuja kujua si wengi.

Baada ya hapo nilikaa miaka, na mengi yalikuwa kazi ya kawaida. Moja niwaambie kwa sababu inahusu ile pembe ya manjano. Mwanzoni ilionyesha jina la mtu na jina la kitabu. Siku moja mama mzee aliniletea mfuko, pembe ikaandika, na mimi nikamsomea kama nilivyomsomea kila mtu: mwambie fulani kitabu chake cha sheria za talaka kimefika. Mama mzee akasema asante mwanangu, akaondoka. Alikuwa mama mkwe wa mwenye kitabu. Jumatatu mwenye kitabu alikuja akasimama mbele yangu, akaniuliza ni nani alitupa kazi ya kutangaza. Nikampigia Kevo. Siku hiyo hiyo akaliondoa jina la kitabu. Sasa inasema kitabu chake kimefika, basi. Mtu akiwaomba lirudishwe kwa sababu ni rahisi kutafuta rafuni, msikubali. Mwenye kitabu alikitafuta mahali pengine na hajarudi kwetu.

Bi Mwanaidi aliondoka akarudi Majengo kupumzika. Hapumziki, anatuma mfuko kila Jumamosi na ujumbe juu yake. Madam Nafula akahamishwa. Neema akaanza shule. Mimi nikapata Ayub, na Jumamosi nikarudi mezani naye kwenye mkono ule ule wa kushoto, nikijua sistimu ipo tayari inatungoja.

Meneja mpya simtaji jina, mnaye na mtakaa naye. Ni mtu wa mavazi mazuri na simu nyingi. Alikaa mwezi mmoja, akaniita.

"Mama Neema, nimepitia mambo ya hapa. Hili la mtoto mezani tuliweke sawa. Haitawezekana."

"Kuna foleni?"

"Hakuna foleni."

"Kuna aliyelalamika?"

"Hapana."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Si tatizo. Ni vile maktaba inaonekana. Watu wakiingia waone kazi."

Nilimwambia kazi anaiona kwa kuwa foleni haioni. Akasema amenielewa, na jibu ni lile lile. Nilikaa kwenye kile kiti cha ofisi nilichokalia siku Madam Nafula aliponipa likizo moja, nikaelewa kitu ambacho ningetaka mkielewe mapema kuliko mimi. Niliambiwa shida ni foleni, nikaitengeneza foleni. Nilitafuta kijana, nikapasua katoni, nikapanga kila kitufe mahali pake. Nilidhani nimenunua nafasi ya mtoto. Nilikuwa nimeipata kwa mkuu mmoja, na mkuu alipoondoka aliondoka nayo.

Mama wa Mowlem bado hafungui Jumamosi. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Jumamosi yangu ya mwisho nilimwacha Ayub kwa Bi Mwanaidi, mara moja tu, ili nimwonyeshe Mercy kazi. Mercy alichelewa kidogo. Nilikuwa nyuma ya rafu napanga, meza haina mtu, na mfuko ukafika. Mkubwa sana, wa geti nyeusi. Meneja alikuwa amesimama pale mezani anaongea na simu, mambo ya semina, hoteli, nani analeta nani. Alimwona mbebaji, akainua kidole cha kumwambia angoje, kisha nadhani akaona aibu kumngojesha. Akapitisha kitambulisho chake. Akachukua skana kwa mkono wa kulia, simu imebaki sikioni kwa wa kushoto, akaanza. Titi, titi, titi. "Ndiyo, ndiyo, nakusikia," akiiambia simu. Kimoja alikirudia kwa makosa, akatengua kwa kidole gumba bila kutazama. Pembe ya manjano ikatokea. Akaishusha simu kifuani kidogo, akamwambia mbebaji, "Mwambie Brian kitabu chake kimefika," akampa, akairudisha simu sikioni. Mbebaji akaenda zake. Mfuko mzima wa ploti, na mazungumzo hayakukatika.

Sidhani aliona amefanya chochote. Sistimu nzuri ndivyo ilivyo, huioni. Alimaliza simu yake ya semina, akanikuta nimesimama na vitabu, akaniuliza kama kuna kitu.

Nikamwambia hakuna.

Mercy, ule mkono wa kushoto uliachwa huru kwa ajili ya mtoto wangu. Meneja aliutia simu, akafanya kazi vizuri, na hakuna mtu aliyemwambia aiache nyumbani.